Uji Kabla ya Upasuaji

Mimi naitwa Loy. Nauza mukene katika soko la Busia, upande wa Uganda. Mukene ni wale samaki wadogo wakavu ambao wenzetu wa Kenya wanawaita omena. Kila asubuhi natandika gunia langu, namwaga mukene juu yake, na kelele za siku zinaanza.

Hapa mpakani kila mtu anakuja na lugha yake. Baba yangu ni Msamia, mama yangu anatoka Mulanda, kwa Jopadhola. Kwa hiyo Kisamia na Kidhopadhola nilivipata nyumbani. Kiteso nilikiokota hapa hapa sokoni. Kiswahili ni cha biashara, na Kiingereza cha shule ninacho cha kutosha kugombana na mtu. Basi watu wakishindwa kuelewana, wananiita mimi nitafsiri.

Kazi hiyo ina namna yake. Mnunuzi kutoka Kenya anasema, "Mwambie huyu mama mahindi yake yana wadudu, na mwaka jana alinidanganya, lakini nitachukua magunia matano." Mimi namgeukia mama na kusema, "Anachukua matano." Basi. Wadudu nimewaacha. Matusi nimeyaacha. Ningesema yote, soko lingekuwa uwanja wa vita. Nilijivunia sana ufundi huo wa kukata maneno. Nakuambia mapema, msomaji, ili ujue kosa langu lilitoka wapi.

Jirani yangu ni Sista Annet, muuguzi katika hospitali moja karibu na Tororo. Jioni moja alikuja akanikuta napepeta mukene wa kesho.

"Loy, nakutaka kwa wiki moja," alisema.

"Mimi? Nikachome watu sindano?"

"Ukatumie huo mdomo wako. Madaktari wa mifupa wanakuja kutoka ng'ambo. Wanajitolea. Watapasua watu bila malipo, lakini hawajui hata lugha moja ya hapa. Tunatafuta watu wa kutafsiri. Hakuna mshahara. Kuna chakula cha mchana tu."

"Chakula gani?"

"Loy."

"Haya, nitakuja," nikasema. Gunia langu nilimwachia dada yangu Kate.

Jumatatu tulikuta watu wamejaa uwanja mzima wa hospitali. Wengine walitoka Mella, wengine Kwapa, wengine walivuka kutoka Kenya. Niliona watoto wenye miguu iliyopinda na wazee wenye magoti yaliyovimba. Niliona mama mmoja ambaye mkono wake ulivunjika siku nyingi, ukaunga vibaya, hauwezi kuinua hata kikombe. Nilizoea kuona watu kama hao mmoja mmoja njiani. Kuwaona wote pamoja kulinikata maini.

Kati yao alikuwa Opendi wa Mulanda, mtu wa miaka thelathini na minane. Zamani alibeba mizigo kwa baiskeli mpaka Busia. Siku moja trela lilimsukuma mtaroni, mfupa wa paja ukavunjika. Nyumbani wakamfunga vijiti na kamba, akalala miezi minne. Mfupa uliunga, lakini uliunga ukiwa umepinda. Mguu mmoja sasa ulikuwa mfupi. Alitembea na fimbo, na mkewe alilima peke yake.

Opendi alikuja na mama yake, Achola. Huyo ndiye aliyekuwa mwuguzaji wake. Unajua hospitali zetu. Muuguzi anatoa dawa, lakini kupika, kuosha na kulisha ni kazi ya mwuguzaji. Nyuma ya wodi kuna mahali pa masigiri, yaani majiko ya mkaa, na moshi wake hauishi tangu asubuhi.

Daktari wa upasuaji alitazama picha ya mfupa wa Opendi kwa muda mrefu. Akasema angeweza kuukata, kuunyoosha, na kuweka chuma ndani ili ushike. Lakini orodha ilikuwa imejaa. Ilibaki nafasi moja tu, Ijumaa asubuhi, siku yao ya mwisho. Opendi akaipata. Waliokuwa nyuma yake waliambiwa wasubiri mwaka mwingine. Opendi alitazama chini, na machozi yakadondoka kwenye fimbo yake.

Wiki ilikwenda mbio. Nilitafsiri tangu asubuhi mpaka koo likakauka. Kulikuwa na daktari mmoja wa kike mwenye mvi. Kazi yake ilikuwa kumlaza mgonjwa kwa dawa ili asisikie kisu. Wagonjwa walimwita Mama Usingizi. Alikuwa mpole, lakini maneno yake yalikuwa mengi.

Alhamisi jioni Mama Usingizi alikuja kwenye kitanda cha Opendi. Alizungumza karibu dakika tatu. Alieleza mgonjwa asile kitu chochote kuanzia saa sita usiku, wala uji, wala maziwa, wala chai. Maji matupu anaweza kunywa kidogo mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kisha akaeleza kwa nini. Alishika koo lake, akashika kifua chake, akaonyesha kwa mikono. Mimi nilikuwa nimechoka. Miguu iliniuma na nilikuwa nafikiria nyumbani.

Nikamgeukia Achola. "Amesema kesho asile," nikasema kwa Kidhopadhola.

Achola akanitazama. "Yote yale aliyosema ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Kwa nini asile?"

"Ni sheria yao tu, mama," nikamjibu, nikaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilikata maneno ya hospitali kama maneno ya sokoni.

Ijumaa saa mbili kasoro, Sista Annet alianza kumsukuma Opendi kwenye kitanda cha magurudumu. Mama Usingizi alisimama karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Aliuliza swali alilomuuliza kila mgonjwa. Nikatafsiri, "Mara ya mwisho ulikula lini?"

Opendi alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, "Jana jioni."

Mama Usingizi akaandika, akaingia ndani kuvaa glavu. Hapo Achola akanivuta kando. Uso wake ulikuwa na furaha.

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemtia kitu tumboni. Saa kumi na mbili nilimpa uji wa wimbi na maziwa, na mayai mawili. Hakutaka, nikamlazimisha. Sasa ana nguvu."

"Mama, si niliwaambia asile?"

"Uliniambia ni sheria." Furaha ikamtoka usoni. "Sheria hiyo naijua. Baba yake Opendi alilazwa hospitali nyingine, zamani. Wakasema asile, atapasuliwa. Siku ikapita, daktari hakuja. Kesho yake wakasema tena asile. Alikuwa ananiomba uji. Nikamnyima kwa sababu ya sheria. Alikufa akiuomba, mwanangu. Nikaapa kwamba mtu wangu mwingine hataingia kwenye kisu na njaa."

Achola akashika mkono wangu kwa nguvu. "Usiwaambie. Ukisema watamtoa kwenye orodha. Wanaondoka leo. Wewe ni mtoto wa Mulanda, mama yako ni wa kwetu."

Kitanda kilikuwa kinaenda. Nikakifuata. Kichwani nilijiambia, uji kidogo una shida gani? Watu wanakunywa uji kila siku. Nikisema, huyu mtu atabaki na fimbo mwaka mzima, labda maisha yake yote. Nikinyamaza, atapona na kila mtu atafurahi. Pale sokoni ningenyamaza.

Lakini hapa hapakuwa sokoni. Nikamsogelea Annet. "Sista, mtu akinywa uji kidogo kabla ya upasuaji, kuna nini?"

Annet alipunguza mwendo. "Mtu akilala usingizi wa kawaida, koo lake linamlinda. Mate yakienda vibaya, anakohoa na kuamka. Dawa ya usingizi inalegeza koo. Hakohoi. Kama tumboni kuna chakula, kinapanda juu na kuingia kwenye mapafu. Mapafu ni ya hewa. Yakiingiwa na uji, mtu anaweza kufa pale pale mezani. Asipokufa, anaweza kupata ugonjwa mbaya wa mapafu."

"Hata kama ni kidogo?"

"Hata kidogo. Kwani hukumweleza mama yake? Mama Usingizi anaeleza hayo kila siku."

Nilimtazama Opendi. Alikuwa amelala akitazama dari, midomo yake inaomba. Nyuma yetu Achola alisimama kwenye korido, kidole mdomoni, akinisihi kwa macho. Nilimpenda yule mama wakati ule, na nilijichukia.

"Simamisha kitanda," nikasema.

Mama Usingizi alitoka. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Opendi amekunywa uji wa maziwa na kula mayai mawili saa kumi na mbili. Kisha nikayarudia kwa Kidhopadhola, ili Opendi ajue nimesema nini juu yake. Haikufaa asemwe kwa lugha asiyoijua.

Opendi aliinuka kwa viwiko. "Dada, wewe ulikuwa upande wetu au wao?"

Achola alikaa chini kwenye sakafu ya korido, akafunika uso kwa leso yake.

"Kuna jambo lingine," nikamwambia Mama Usingizi. Nilijua wanaweza kunifukuza. "Jana ulieleza sababu. Mimi sikuitafsiri. Nilisema asile, basi. Huyu mama alifanya kwa kutojua. Kosa lilianza kwangu."

Mama Usingizi alivua glavu zake taratibu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Asante kwa kuniambia kabla," alisema. "Baada ingekuwa haina faida."

Aliingia ndani kuzungumza na daktari wa upasuaji. Walipotoka, walikuwa wameamua. Wa pili kwenye orodha ya siku hiyo alikuwa Asekenye, mama kutoka Kwapa mwenye goti lililoharibika. Yeye hakuwa amekula. Angeingia kwanza. Opendi angesubiri mpaka saa nane mchana, ili tumbo lake liwe tupu.

"Lakini siwezi kuahidi," Mama Usingizi akaniambia. "Gari letu linakuja saa tisa. Kama goti litachukua muda mrefu, hatutaweza. Waambie hivyo hivyo. Waambie yote. Halafu waulize wao wakueleze wewe walichosikia."

Nikakaa sakafuni karibu na Achola. Opendi alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Nikaanza upya. Nilieleza koo, nikaeleza tumbo, nikaeleza mapafu. Nilishika shingo yangu na kifua changu kama alivyofanya yule daktari. Nilisema kwamba nafasi inaweza kupotea leo, na kwamba hilo ni kosa langu kuliko la mtu yeyote. Hakuna neno nililoacha. Ilichukua muda mrefu.

"Sasa mama, nieleze wewe," nikasema. "Kwa nini Opendi hatakiwi kula?"

Achola alifuta pua.

"Kwa sababu uji wangu ungempanda kifuani amelala," alisema. "Asingeweza kukohoa. Ningemzamisha kwa mkono wangu." Akaanza kulia kwa sauti. "Kwa nini hukuniambia jana? Mimi si mjinga. Ungeniambia hivyo, hata tone nisingempa."

"Najua, mama. Nisamehe."

Opendi akageuka kutoka ukutani. Alimtazama mama yake analia. Akanyoosha mkono, akamgusa kichwani.

"Na baba yake?" Achola akauliza. "Ina maana nilimnyima bure?"

Hapo nilimwita Annet, nikamweleza kisa cha baba yake Opendi, maana mimi si mtu wa kujibu hilo. Annet alichuchumaa mbele yake. "Hukumnyima bure, mama. Kutokula ilikuwa kwa ajili ya usalama wake. Waliokosea ni wale waliomwacha siku mbili bila kurudi kusema neno. Mgonjwa akicheleweshwa, mwuguzaji ana haki ya kuuliza: ataingia saa ngapi? Kama haingii leo, ale? Uliza kila mara. Si utovu wa adabu."

Achola aliitikia kwa kichwa, lakini machozi hayakukoma upesi.

Tukasubiri. Saa tano, saa sita. Harufu ya maharage ilitoka kwenye masigiri, Opendi akafumba macho. Achola naye alikataa kula. Nikamwambia yeye hapasuliwi, ale. Akasema hawezi kumeza.

Saa nane ikafika. Mlango wa chumba cha upasuaji bado ulikuwa umefungwa. Saa nane na nusu, bado. Goti la Asekenye lilikuwa baya kuliko walivyodhani. Saa tisa kasoro gari lilifika, dereva akafungua mlango wa nyuma tayari kwa mizigo. Opendi alilisikia. Aliomba fimbo yake, akaishika kifuani.

Saa tisa na dakika kumi mlango ulifunguka. Asekenye alitolewa salama. Daktari wa upasuaji alitoka nyuma yake, jasho limemlowanisha. Alitazama gari kupitia dirishani. Akamtazama Mama Usingizi, wakazungumza maneno machache. Kisha akaniita.

"Mwambie dereva atafute kivuli alale," alisema. "Tutamchelewesha."

Neno hilo sikulikata. Nilikimbia nikamwambia dereva lote, na kivuli nikamwonyesha.

Mlangoni Mama Usingizi aliuliza tena lile swali. Opendi akajibu mwenyewe, bila kumtazama mtu. "Saa kumi na mbili asubuhi. Uji wa maziwa na mayai mawili. Baada ya hapo, hakuna." Nikatafsiri kila neno, wakamwingiza.

Walimtoa jua linaelekea kuzama. Alikuwa anapumua vizuri. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji, na ulikuwa umenyooka. Achola aliuangalia mguu ule, akauangalia mwingine, akarudi kuuangalia tena.

Wageni waliondoka jioni ile. Wengi hudhani kazi inaishia hapo. Haiishii. Asubuhi alikuja Bwana Geoffrey, mtaalamu wa mifupa wa hospitali yetu. Yeye yupo mwaka mzima. Alimwambia Opendi asikanyagie ule mguu mpaka atakaporuhusiwa, atumie magongo mawili. Kidonda kikae kikavu. Kikitoa usaha, au kikivimba, au homa ikipanda, arudi siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

"Na ungekuja kwangu wiki ile uliyovunjika," Geoffrey alisema, "tungeunyoosha mapema. Mtu akivunjika asikae nyumbani akingoja wageni."

Nilitafsiri hata hilo, ingawa lilimchoma Opendi.

Achola akainua mkono. "Na kula?"

"Sasa ndiyo umlishe, mama," Geoffrey akasema. "Mayai, maharage, maziwa, mukene. Mfupa unaunga kwa chakula."

Sijawahi kumwona mtu akikimbilia sigiri namna ile. Mimi nikatuma mtu kwa Kate alete mukene.

Opendi alifuata maagizo yote. Alihudhuria kliniki kila tarehe aliyopewa. Baada ya miezi mitatu aliacha gongo moja, baadaye la pili. Mguu wake bado ni mfupi kidogo, kwa upana wa kidole kimoja hivi, lakini hachechemei sana. Mwaka uliofuata alipanda baiskeli.

Na mwaka huo madaktari walirudi. Annet aliniomba nitafsiri tena. Nilimwambia nitakuja, lakini kwa sharti moja: tuwakusanye wauguzaji wote nyuma ya wodi, kwenye masigiri, kabla ya upasuaji wa kwanza. Na msemaji asiwe mimi, awe Achola.

Opendi alimleta mama yake kwa baiskeli kutoka Mulanda. Achola alisimama kati ya masufuria. Walikuwepo Wasamia, Wateso, Jopadhola na watu wa Kenya, kwa hiyo alisema Kiswahili chetu cha mpakani.

"Mimi jina Achola," alisema. "Kijana yangu ni ule pale, iko na baiskeli. Mwaka jana mimi nataka kumuua na uji. Si kwa ubaya. Kwa kupenda. Sikilizeni sasa, na mtu asiseme ni sheria tu."

Akaeleza. Koo, tumbo, mapafu. Mimi nilitafsiri kwa waliohitaji. Alipofika kwa habari ya mume wake sauti ilikatika. Nilingoja mpaka akaendelea, nikaitafsiri nayo.

Mbele kabisa alikaa mama mmoja wa Kiteso. Sufuria yake ya uji ilikuwa inachemka, na binti yake alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Achola akamwinamia.

"Mama, wewe niambie. Kwa nini mtoto asikule?"

Yule mama alifikiri. Alitazama uji wake, akatazama wodi.

"Ili apumue," alisema.

Kisha akaiipua sufuria, akaiweka chini.